Nyonga mpya imeingia, damu isije ikacheza rafu

BABATI. Fountain Gate wanapocheza nyumbani, mashabiki kutoka Bagara na mitaa mingine ya Babati humiminika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Wamo wazee waliotamba kwenye ndondo enzi zao, leo wanapanda jukwaani na mkongojo. Nyonga imelika.

Dawa ya nyonga iliyolika kabisa ni kuwekewa ya bandia, na upasuaji huo unafanyika hapahapa nchini, ikiwamo MOI pale Muhimbili na KCMC Moshi. Ishu ni kwamba wengi hudhani mechi imeisha mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji. Wapi! Ndio kwanza kipindi cha pili kinaanza.

Mpinzani mwenyewe ni bonge la damu. Upasuaji unaumiza mishipa, halafu mtu analala muda mrefu, damu ya miguuni inatembea polepole na kuganda. Bonge likichomoka, linapanda hadi kwenye mapafu na linaweza kuua ghafla. Hata mwanamichezo aliye fiti haliogopi: Serena Williams alipata bonge la mapafu mwaka 2011 akiwa na miaka 29, baada ya jeraha la mguu lililomfanya apasuliwe.

Sasa ongeza saratani. Ugonjwa huo huifanya damu igande kirahisi, na baadhi ya dawa zake, kama tamoksifeni ya saratani ya matiti, huongeza hatari. Mfalme Pelé alipasuliwa nyonga mwaka 2012, uvimbe wa utumbo ukagundulika 2021, akafariki Desemba 29, 2022. Kwake nyonga ilitangulia. Kwa mzee ambaye saratani ndiyo ilitangulia, hesabu za daktari zinabadilika.

Ndiyo maana hata aliyepona miaka mingi asinyamaze. Hatari yake si sawa na ya anayeumwa sasa, lakini daktari lazima ajue ilikuwa saratani gani, ilitibiwa vipi na dawa zipi bado zinatumika. Hapo ndipo anapopanga kikosi: sindano ya heparini, vidonge vya kuzuia damu kuganda, au aspirini. Kipimo si cha kuazima kwa jirani, maana dawa hizo huweza kuleta kutokwa na damu.

Baada ya kubadilishwa nyonga, dawa mara nyingi hutumika hadi siku 35. Kuziacha siku ya 10 kwa sababu maumivu yamepungua ni kutoka uwanjani kabla ya filimbi. Kutoka Moshi hadi Bagara kupitia Arusha ni saa nyingi za kukaa kwenye basi, hivyo mgonjwa achezeshe vifundo vya miguu, na basi likisimama ashuke atembee kidogo kwa msaada.

Mguu mmoja ukivimba, kigimbi kikiuma na kupata joto, aende hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma anapovuta hewa, au akikohoa damu, hiyo ni kadi nyekundu. Asisubiri kuche.