Mita Sitini Kutoka Dunguni

Mei inapoingia, mashamba ya bara ya Kilwa huwa na watu usiku kucha. Mahindi yamekauka, mtama umeinamisha vichwa, ufuta unasubiri kukatwa, na muhogo uko ardhini siku zote. Kuanzia vilima vya Matumbi hadi Njinjo, na kusini zaidi kuelekea Mchinga na uwanda wa Rondo, watu huhamia dunguni: jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mazao, lenye paa la nyasi, ambako mlinzi huketi na debe la kupiga, tochi na, kwa wachache, bunduki. Mchana wanaamia ndege. Usiku ni zamu ya nguruwe pori.

Mnyama huyu hufikia kilo 100 akikomaa, hutembea kwa kundi na hula gizani. Hufukua muhogo, huangusha mahindi na kutafuna punje chache tu za kila gunzi, kisha huhamia jingine. Pwani hii ya mkoa wa Lindi ana kinga ambayo wanyama wengine hawana. Wakazi wengi ni Waislamu, kwa hiyo nyama yake haina mlaji, na anayemuua ametumia risasi ya bei ghali ili apate mzoga wa kufukia.

Hasara yake haiishii kwenye gunia la mahindi, kwa sababu anakokwenda nguruwe pori, simba humfuata. Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, wakiwemo watafiti wa Tanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu Januari 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini na kujeruhi wengine 308. Lindi na Rufiji zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, na yalikuwa mengi palipokuwa na nguruwe pori wengi, kwa kuwa ndio waliowaleta simba hadi kwenye mashamba ambako watu wamelala. Utafiti wa baadaye wa Packer, uliotoka mwaka 2011, uliongeza jambo ambalo mlinzi yeyote anapaswa kulijua: hatari huwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa zile za mwanzo wa usiku ambapo mwezi bado haujachomoza.

Ugomvi huu wa mkulima na wanyamapori ni wa zamani. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya kudhibiti uwindaji katika koloni, na tangu hapo serikali ikaingia kati ya mkulima na mnyama. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, ameonesha jinsi wanaume walivyoondolewa mashambani kwa kazi za kikoloni, ulinzi wa mazao ukalegea, na nguruwe pori wakawa sehemu ya njaa iliyotangulia Vita vya Maji Maji. Moto wa vita hivyo uliwaka Julai 1905 huko Nandete, katika vilima hivihivi vya Matumbi. Baadaye, chini ya Waingereza, C.J.P. Ionides aliajiriwa katika idara ya wanyamapori mwaka 1933 na kuishi miaka mingi Liwale, ambako sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwaondoa tembo mashambani na kuwasaka simba wala watu. Wengi wanamkumbuka kwa nyoka aliowakamata. Wakulima wa wakati ule walimhitaji zaidi kwa bunduki yake.

Leo jukumu hilo liko kwa maofisa wanyamapori wa wilaya na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Lakini ofisa ni mmoja na vijiji ni vingi. Ndiyo maana mkulima mwenye bunduki yenye kibali huanza kuuliza habari za darubini ya kulengea, kifaa ambacho siku hizi hutangazwa kwenye simu kwa picha zinazovutia na bei za kila namna.

Kwanza aitazame bunduki yenyewe. Gobore halihitaji darubini, wala bunduki ya marisau haihitaji, kwa kuwa zote mbili ni za masafa mafupi: risasi ya gobore huyumba, na marisau hutawanyika. Darubini ni ya raifo, iwe ndogo ya .22 au kubwa kama .375. Mwenye gobore afanye jambo jingine kwa fedha zake.

Pili aulize umbali. Matangazo mengi yametungwa kwa ajili ya wawindaji wa Marekani, ambao hukaa kwenye tambarare zilizo wazi wakipiga panya wa nyika na mbweha wa kule walio mita 300 na zaidi. Kwao darubini ya kukuza mara 24 ina maana. Huku kwetu hesabu ni nyingine kabisa. Shamba la ekari mbili, likiwa mraba, lina upande wa takriban mita 90. Mlinzi aliye katikati yuko mita 45 kutoka ukingoni na kama mita 64 kutoka kwenye kona ya mbali kabisa. Ng'ambo ya hapo ni kichaka, au shamba la jirani lenye dungu lake na watoto wake.

Kwa mita sitini, kukuza mara 4 kunatosha, na kukuza mara 24 kunadhuru. Darubini yenye nguvu sana huonesha kipande kidogo mno cha shamba, kiasi kwamba mtu humpoteza mnyama kabla hajamlenga. Mtetemo wa mkono nao hukuzwa mara 24, na mchana wa joto picha yote huchezacheza kwa mazigazi. Aina mbili ndizo zinazomfaa mkulima wa Kilwa: ile isiyobadilika iliyoandikwa 4x32, au ile inayobadilika ya 3-9x40, ambayo ndiyo imeenea kuliko zote duniani na kwa sababu hiyo ni nafuu. Namba ya kwanza ni kiasi cha kukuza. Ya mwisho ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita.

Namba hizo zinaficha siri ya mwanga. Gawanya upana wa lenzi kwa kiasi cha kukuza, utapata upana wa mwanga unaolifikia jicho. Darubini yenye lenzi ya milimita 40 ikikuza mara 4 hutoa milimita 10; ikikuza mara 9 hutoa milimita 4.4 tu. Mboni ya jicho la mtu gizani hufunguka hadi milimita 5 au 7 hivi, kwa hiyo kukuza mara 9 wakati wa magharibi ni kujinyima mwanga kwa hiari. Hapa Kilwa jambo hili lina uzito wa pekee. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi mwaka mzima, na giza hufuata baada ya dakika ishirini na kitu, tofauti na nchi za kaskazini ambako machweo hukawia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo haitoi ruhusa ya kuwinda usiku kwa taa. Dakika hizo chache za magharibi na zile za alfajiri ndizo zote alizo nazo mlinzi za kulenga, na darubini iwekwe kwenye namba yake ndogo.

Baada ya mwanga ni unyevu. Hewa ya pwani ina chumvi na mvuke, na darubini isiyozibwa vizuri hupata ukungu ndani ambao haufutiki. Tiba yake ilipatikana zamani: mwaka 1947 kampuni ya Leupold ya Marekani ilileta sokoni darubini iliyojazwa naitrojeni ili mvuke usipate nafasi. Leo hata darubini nyingi za bei ya chini hujazwa hivyo. Maelezo ya bidhaa yasipotaja naitrojeni wala kuzuia maji, heri kuiacha dukani.

Kuna pia nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya lenzi ya nyuma na uso wa mpigaji. Iwe sentimita 8 hadi 10. Bunduki ya .375 hurudi nyuma kwa nguvu, na darubini iliyo karibu mno hupasua nyusi. Kwa sababu hiyohiyo, darubini iliyotengenezewa .22 isifungwe kwenye bunduki kubwa; alama ya msalaba ndani yake italegea baada ya risasi chache.

Bei? Darubini ya kuaminika ya 4x32 au 3-9x40 kutoka kampuni kama Bushnell au Vortex hupatikana ughaibuni kwa kati ya dola 60 na 200. Yenye jina kubwa lakini bei ya kutupa mara nyingi ni ya kughushi. Fedha zinazobaki ziende kwenye vishikizo imara vya chuma na kwenye risasi za kuirekebishia, maana kishikizo kinacholegea huiharibu darubini ya bei yoyote. Kabla ya kuagiza, mnunuzi apite kituo cha polisi bunduki yake iliposajiliwa, kwa kuwa silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Jambo moja halina mjadala. Darubini ya bunduki haitumiki kuchunguza nani anapita, kwa sababu kila inapoelekezwa, mtutu umeelekezwa pia, na mashamba haya yamejaa watu. Kuchunguza ni kazi ya darubini ya mkononi, na ya 7x50 huona vizuri sana magharibi. Kijiji kinaweza kuchangia moja. Risasi ndogo ya .22 husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu ikikosa kizuizi. Dungu hapo lina faida kubwa kuliko kifaa chochote: anayepiga kutoka juu kuelekea chini, risasi yake huishia kwenye udongo.

Kurekebisha hufanywa mahali palipokubaliwa na polisi, bunduki ikiwa imelala juu ya mfuko wa mchanga. Mpigaji hupiga risasi tatu kwenye karatasi iliyo mita 50, hupima kundi la matundu liko wapi, kisha huzungusha vitufe vya darubini. Kwa darubini nyingi kila mlio mdogo wa kitufe husogeza risasi milimita 7 kwa mita 100, yaani nusu yake kwa mita 50. Kundi lililo sentimita 7 kushoto linahitaji milio kama 20 kwenda kulia. Apige tatu nyingine, apime tena. Na bunduki iliyobebwa kwa bodaboda kutoka Nangurukuru hadi Njinjo, kwenye barabara ile ya mashimo, ijaribiwe upya kwa risasi mbili kabla ya kupandishwa dunguni.