Tuktuk ya Kikundi: Kazi Mnazoweza Kuzifanya Wenyewe

Vikundi vikikaa kupanga biashara ya tuktuk huhesabu mambo mengi: deni la kununulia, malipo ya kijana wa kuendesha, petroli, bima. Matengenezo hayahesabiwi. Halafu baada ya miezi kadhaa tuktuk inasimama Mwembe Tayari ikiwa na abiria ndani, fundi anaitwa, anasema injini imekwisha, na mkutano wa Jumapili unageuka kuwa kesi. Tumekaa katika mikutano ya namna hiyo zaidi ya mmoja. Mara nyingi kilichoua injini si ajali wala jicho la jirani. Ni oili iliyopungua na hakuna aliyechungulia.

Hatusemi kila mwanakikundi awe fundi. Tunasema watu wawili au watatu, akina mama wakiwemo, wajifunze kazi ndogo za kila siku na za kila juma. Vifaa si vingi: spana chache za saizi ya nati zenu, bisibisi mbili, spana ya plagi, geji ya kupimia upepo wa tairi, jeki, grisi na vitambaa. Na kitabu kilichokuja na tuktuk. Kitabu hicho kisifungiwe sandukuni kwa mwenyekiti, maana ndicho kinachosema oili ni ya aina gani na ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Kama tuktuk ni mpya na bado ina garantii, sevisi zifanywe kwa wakala hadi garantii iishe, la sivyo mtaipoteza.

Asubuhi kabla ya kutoka, tuktuk ikiwa mahali tambarare na injini imezimwa, vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kama inapungua kila juma, kuna mahali inavuja au inaungua, na moshi wa buluu nyuma ni dalili ya kuungua. Ikiwa yenu ni ile ya zamani ambayo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, fuateni kipimo cha kitabu, msikisie kwa jicho.

Sasa tuje kwenye adui mkubwa wa hapa kwetu, yaani chumvi. Tuktuk inaingia vichochoro vya Mji wa Kale ambako matatu haipiti, inashuka hadi karibu na bandari ya majahazi, inavuka feri ya Likoni na kurudi. Upepo wa bahari unaigusa mchana na usiku. Chumvi huanza kula mahali usipopaona: chini ya sakafu, kwenye nati za magurudumu, kwenye vichwa vya betri, ndani ya waya wa klachi. Kwa hiyo ioshwe chini, si juu tu kwa ajili ya kupendeza. Lakini angalieni maji. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na ukioshea hayo umeongeza ugonjwa. Maji ya mfereji, au mtungi mmoja wa lita 20 wa maji matamu na kitambaa, yanatosha kusuuza sehemu za chini.

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, zima kila kitu, fungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Sugua kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, kausha, rudisha chanya kwanza, kisha hasi, halafu paka grisi nyembamba. Usivute sigara hapo, betri hutoa hewa inayoshika moto. Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya nguvu ileile. Wako madereva wanaofunga kipande cha waya badala ya fyuzi ili wamalize siku. Tuktuk huungua hivyo.

Waya wa klachi hukauka na kukatika nyuzi moja moja. Fungeni kifuko kidogo cha plastiki kwenye ncha ya juu kama faneli, mtie oili nyepesi, muache iteremke hadi itokee chini. Kazi ya nusu saa, na waya utadumu.

Chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eya-klina, huziba kwa vumbi, hasa tuktuk inayolala kijijini Kwale au Kilifi. (Zile pikipiki za magurudumu manne wanazoendesha watalii mchangani zina shida hiyohiyo, tena zaidi.) La karatasi hukung'utwa tu, halioshwi. La sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa vizuri, hutiwa matone ya oili na kukamuliwa. Baada ya hapo fungua plagi injini ikiwa baridi. Rangi ya kahawia ni afya. Masizi makavu meusi yanasema hewa ni kidogo au petroli ni nyingi. Ikilowa oili, mwiteni fundi. Tuktuk ya dizeli haina plagi ya namna hii.

Breki tunazitenga peke yake, kwa sababu hapa anayelipa ni abiria. Mnachoweza kufanya ni kutazama kikopo cha mafuta ya breki kila juma. Yakishuka, msijaze tu na kuondoka. Ama viatu vya breki vimelika, ama kuna uvujaji. Msitie oili ya injini humo hata siku moja, maana huvimbisha mipira na breki hukataa. Nunueni kopo dogo lililofungwa, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa mnaijua. Pedali ikiwa laini kama sponji, tuktuk isitoke. Hiyo ni kazi ya fundi, sawa na usukani na giaboksi.

Breki ya mkono nayo wengi huiona pambo. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri ya Likoni likaingia majini, mama na binti yake wakafa. Hatuitaji habari hiyo kumhukumu mtu. Tunasema tu kwamba kijana wenu akiwa ndani ya feri avute breki ya mkono, azime injini, na abiria washuke. Kama breki hiyo haishiki kwenye mteremko mdogo karibu na nyumbani, haitashika kule.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe, linapitisha kila kitu hadi visimani na baharini. Ihifadhiwe kwenye mtungi mbali na watoto, ipelekwe gereji inayoikusanya.

Limebaki la kijana anayeendesha. Kikundi kikimkata pesa kwa kila kinachoharibika, atanyamaza akisikia mlio mgeni, na mlio wa mia tano utakuwa injini ya maelfu. Afadhali wekeni akiba kabla ya kugawana. Shilingi 100 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 2,600 kwa mwezi. Na muwe na daftari moja: tarehe, kilomita, kilichofanywa, kilichonunuliwa, bei, aliyefanya. Fundi akibadilisha kitu, mwombeni awape kile cha zamani mkononi kabla ya kumlipa, na kionyeshwe mkutanoni pamoja na risiti.