Karatasi ya INSS Si Kadi ya Hospitali



Wengi wetu tukiulizwa kama tuna bima ya ugonjwa, tunajibu haraka: "Ndiyo, kila mwezi nakatwa INSS." Hapo ndipo tunapopotea. INSS ni ya pensheni, na ya ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Mashine ikikukata kidole kiwandani, INSS inahusika. Malaria ikimshika mke wako nyumbani Kinama, haihusiki hata kidogo.

Tunaye mwenzetu mmoja, kibarua wa kiwanda hapa Bujumbura, aliyelijua jambo hilo mbele ya dirisha la malipo. Mtoto wake wa miaka saba alikuwa amepasuliwa tumbo. Baba akatoa karatasi ya mshahara, karani akaitazama, akamrudishia. Ikauzwa baiskeli, ikauzwa redio, kisha akakopa kwa riba. Mtoto alipona, lakini deni lilimfuata mpaka mwaka wa pili. Angekuwa chini ya miaka mitano baba asingelipa, kwa maana tarehe 1 Mei 2006, sikukuu yetu wenyewe, serikali ilitangaza kuwa watoto wa umri huo na akina mama wanaojifungua watibiwe bure katika hospitali zake. Kabla ya hapo hali ilikuwa ya aibu: wagonjwa walizuiliwa hospitalini kwa deni, hata waliokwisha kupona.

Basi tuchague nini? Mtumishi wa serikali ana MFP tangu mwaka 1980, hana haja ya kuhangaika sana. Sisi wa viwanda na mashamba tuanze na mkataba wetu wa kazi. Waajiri wengine wana zahanati yao au wamepatana na hospitali. Lakini tuulize vizuri: je, mke na watoto wamo? Na kibarua wa siku yumo, au ni wale wa kudumu tu? Mara nyingi mchuma chai na mkata miwa wa msimu huachwa nje, naye ndiye anayelala kwenye baridi na mbu.

Asiye na mkataba wa namna hiyo aulize komini habari za kadi ya CAM. Kadi hii ilianzishwa mwaka 1984, ikalegea, ikafufuliwa mwaka 2012 kwa faranga 3,000 kwa nyumba nzima kwa mwaka. Iliwekwa kwa ajili ya wakulima na watu wasio na mshahara wa kudumu. Mwenye kadi alilipa asilimia 20, serikali 80. Yaani kwa bili ya faranga 50,000 wewe unatoa 10,000. Hesabu ni nzuri. Ubaya wake ulionekana kwenye kabati la dawa: serikali ilichelewa kurudisha pesa, vituo vikakosa dawa, na mgonjwa akatumwa kununua mjini kwa bei kamili. Bei rahisi ya kadi si kitu kama kituo cha karibu nawe hakina dawa, kwa hiyo uliza majirani waliotibiwa hapo kabla hujatoa pesa.

Zipo pia mutueli, vyama vya kusaidiana wakati wa ugonjwa, kama ile ya wakulima wa kahawa, MUSCABU. Huko mchango hutolewa na nyumba nzima, na mara nyingi kuna miezi ya kungoja kabla ya kuanza kutibiwa. Anayekimbilia kujiandikisha homa ikiwa tayari mwilini amechelewa. Majira ya kujiandikisha yakifika, pesa ya mavuno au ya zawadi ya mwisho wa mwaka ingali mkononi, ndipo pa kulipa, hata kama harusi ya binamu inangoja.

Bima za makampuni hatuzisemi sana. Bei yake wengi wetu hatuiwezi. Anayeiweza asome mambo yasiyolipiwa, yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo: uzazi, meno, miwani, ugonjwa wa zamani. Kama Kifaransa chake ni kigumu, amletee mjumbe wa wafanyakazi karatasi hiyo kabla ya kuweka kidole gumba.