Jinsi Mkenya anavyoweza kujikinga na hewa chafu ya Delhi

KILA mwaka Wakenya husafiri hadi India kutafuta elimu au matibabu. Wengi hujiandaa kwa viza, nauli na karo. Wachache hujiandaa kwa hewa watakayoivuta, hasa wanapoelekea jijini Delhi.

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Januari, jiji hilo hugubikwa na moshi unaowasha macho na kukereketa koo. Mnamo Novemba 2024, kipimo cha uchafuzi wa hewa, ambacho huanzia 0 hadi 500, kilipita 450. Shule ziliagizwa kufundisha kupitia intaneti.

Chanzo si kimoja. Magari, viwanda na vumbi la ujenzi huchafua hewa mwaka mzima. Baada ya mavuno, wakulima wa majimbo jirani ya Punjab na Haryana huchoma mabua ya mpunga ili kupisha kilimo cha ngano. Wakati huohuo upepo hupungua, na hewa yenye joto hutanda juu ya ile baridi mithili ya kifuniko cha chungu. Moshi hukosa pa kutokea.

Hatari kubwa imo katika chembechembe zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana, ambazo hupenya ndani ya mapafu hadi kwenye damu. Mnamo 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Wastani wa Delhi hupita kiwango hicho zaidi ya mara 10.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa moyo au mapafu ambaye matibabu yake si ya dharura anafaa kumuuliza daktari iwapo safari inaweza kupangwa katika msimu wa mvua, Julai hadi Septemba, hewa inapokuwa nafuu. Mwenye pumu asisafiri bila dawa zake.

Mwanafunzi naye hana budi kuangalia kipimo cha siku kabla ya kutoka. Barakoa ya kitambaa haizuii chembechembe hizo. Inayofaa ni ya aina ya N95 inayoziba vyema puani na mdomoni. Aidha, si vyema kufanya mazoezi ya mbio alfajiri, kwani moshi huwa mzito usiku na asubuhi. Madirisha yafunguliwe alasiri.

Hata hivyo, kuna moshi unaotoka mlangoni pa mtu mwenyewe. Nyakati za baridi, walinzi na maskini wasio na makao huota moto wa takataka, plastiki zikiwemo. Mahakama ya mazingira ya India ilipiga marufuku uchomaji taka hadharani mnamo 2016 na kuweka faini ya rupia 5,000, lakini mazoea hayo hayajakoma.

Kanuni za mwaka huohuo zilimtaka kila mkazi kutenganisha taka: mabaki ya chakula kando, na zilizo kavu kando. Magazeti na chupa hununuliwa na kabadiwala, mchuuzi anayepita nyumbani na mizani yake na kulipa papo hapo.

Taka zilizochanganywa huishia majaani kama Ghazipur. Jaa hilo lilifunguliwa 1984 na kufikia kikomo chake 2002, lakini likaendelea kurundikwa taka, sawa na lile la Dandora jijini Nairobi. Aprili 2024 lilishika moto na kuwafukiza wakazi wa karibu.

Wahenga walisema uendapo kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Katika suala hili, ushauri huo haufai. Mgeni anayechoma taka zake kwa kuwa jirani amechoma, atauvuta moshi huo usiku uo huo akiwa kitandani.