Kompyuta Kuganda Baada ya Kuongezewa RAM: Tupime Kabla ya Kulaumu



Hivi karibuni kompyuta ya mezani ya maktaba yetu hapa Kihonda iliongezewa RAM. Ilikuwa na kipande kimoja cha GB 4, tukanunua kingine cha GB 4 mjini na kukichomeka wenyewe. Jioni ile ile ikaanza kuganda. Kishale hakisogei, kibodi haijibu, na hakuna njia ila kuizima kwa nguvu. Ndugu yetu mmoja alipoteza kurasa nne za insha yake juu ya Mtakatifu Thoma wa Akwino.

Kesho yake tulikwenda kwa muuzaji, tukamwambia mbele ya wateja wake kwamba ametuuzia kitu kibovu. Yeye alituuliza swali moja tu: "Mmepima?" Hatukuwa tumepima. Makala hii imetokana na swali hilo.

Kazi ya RAM

Diski ni kama kabati la vitabu, na RAM ni meza ya kusomea. Kila programu unayofungua hutolewa kabatini na kuwekwa mezani. Meza ikiwa kubwa, unafungua mengi bila kusubiri. Lakini sehemu ya meza ikiwa na hitilafu, kompyuta huandika jambo moja na kusoma jingine. Hapo huganda, hujiwasha upya, au huonyesha skrini ya bluu. Hatari kubwa zaidi ni kosa lisiloonekana: maandishi yaliyoharibika yanahifadhiwa kwenye diski, nawe hujui. Kwa hiyo, kompyuta ikianza kuganda, ondoa kwanza kipande kipya, kisha nakili kazi zako kwenye flashi kabla ya jambo jingine lolote.

Hatua za kupima

1. Soma lebo. DDR3 na DDR4 hazibadilishani; hata pengo la kuchomekea haliko mahali pamoja. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L volti 1.35, na DDR4 volti 1.2. Zipo kompyuta mpakato zinazotaka ile ya 1.35 tu. Vipande viwili vyenye kasi tofauti kwa kawaida hufuata kile chenye kasi ndogo.

2. Chomoa na uchomeke upya. Zima kompyuta, toa waya wa umeme (na betri kama inatoka), kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM, kwa maana umeme tuli wa mwilini unaweza kuiua. Shika kingo zake, usiguse meno ya dhahabu, na sukuma hadi vishikizo vijifunge.

3. Tumia programu ya kupima. Katika Windows, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia. Kompyuta itajiwasha upya na kuanza kupima. Kipimo kikali zaidi ni MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi. Iache ifanye kazi usiku kucha. Hata kosa moja halivumiliki.

4. Pima kipande kimoja kimoja, katika kila sloti, yaani kila tundu la kuchomekea RAM.

Tulipokosea

Hatua ya nne ndiyo iliyotuaibisha. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa njia ya tofauti, aliyoieleza John Stuart Mill katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843: ukiwa na hali mbili zinazofanana kwa yote isipokuwa jambo moja, na tokeo likaonekana katika moja tu, basi jambo hilo ni sababu au sehemu ya sababu. Tulipoondoa kipande kipya, kompyuta ilitulia. Tukasema, "Si mnaona? Kipya ndicho kibovu!" Lakini hatukuwa tumebadilisha jambo moja. Kipande kipya kilikuwa katika sloti ya pili, ambayo ilikaa wazi tangu kompyuta inunuliwe. Tuliongeza mambo mawili kwa pamoja: kipande na sloti.

Tulipokiweka kipande kipya peke yake katika sloti ya kwanza, kilipimwa usiku mzima bila kosa. Tulipokiweka kile cha zamani katika sloti ya pili, makosa yakajaa skrini. Mwenye hatia alikuwa sloti, iliyojaa vumbi la Kihonda la viangazi vingi. Tuliisafisha kwa brashi laini kavu na kupuliza kwa pampu ya mkono, tukasugua taratibu meno ya RAM kwa kifutio cha penseli na kupangusa mabaki. Tulipima tena vipande vyote viwili: hakuna kosa hata moja.

Kama RAM na sloti zote ni nzima, rudisha mipangilio ya BIOS ya mwanzo, hasa kama kasi ya RAM iliongezwa. Kisha chunguza joto, diski inayokufa na kifaa cha kugawa umeme. Na kabla ya kununua, angalia Windows yako: ile ya biti 32 ya kawaida haitumii zaidi ya GB 4. Kuongeza hapo ni kupoteza fedha tu.

Tulirudi kwa yule muuzaji tukamwomba radhi, tena mbele ya wateja, kwa kuwa ndipo tulipomvunjia heshima. Jambo kutokea baada ya jingine si ushahidi kwamba limesababishwa nalo. Tulilijua hilo kwa ajili ya mtihani. Amri ya nane inatudai tulijue pia tunapofungua midomo juu ya jina la mtu.