Kuvu Inayoua Mdudu wa Minazi



Katika mkutano wa kikundi kimoja hapa Uthiru, mama mmoja mzaliwa wa Kilifi alituuliza: "Minazi ya mzee nyumbani inaliwa na chonga. Tumechanga pesa ya dawa mara mbili na bado inakufa. Tutachanga mpaka lini?" Sisi huku hatuna minazi, lakini swali lake linatugusa wote tunaopiga dawa kwa sukuma wiki.

Chonga ni mdudu mweusi, mkubwa, mwenye pembe kichwani. Usiku hutoboa moyo wa mnazi na kula majani kabla hayajafunguka. Yakifunguka, utaona yamekatwa kama kwa makasi. Mnazi mchanga unaweza kufa kabisa. Dawa ya kupuliza haimfikii vizuri, maana yuko ndani.

Lakini watoto wake, wale funza wanene weupe, hukaa chini, katika magogo yaliyooza na marundo ya samadi. Hapo ndipo tutawapata.

Iko kuvu iitwayo metariziumu. Mwanasayansi Elie Metchnikoff aliieleza mwaka 1879, baada ya kuipata kwa wadudu wa ngano karibu na Odessa, katika Ukraine ya leo. Mbegu zake ni laini kama vumbi. Zikimshika funza, zinaota juu ya ngozi, zinaitoboa, na kukua mwilini. Funza hulegea, hufa, hukauka, kisha hufunikwa na unga wa kijani. Unga huo ndio mbegu za kuambukiza wengine.

Kuvu hii inapenda unyevu na kivuli. Jua kali huiua. Ndiyo sababu inafaa kuwekwa ndani ya samadi. Tena haiui siku hiyo hiyo, inachukua siku kadhaa au wiki. Haraka haraka haina baraka. Na peke yake haitoshi: pasueni magogo na kuyachoma, geuzeni samadi mkiokota funza, na chonga aliye ndani ya mnazi atolewe kwa waya wenye ndoano.

Hapa Nairobi, kituo cha icipe kule Kasarani, kilichoanzishwa mwaka 1970, kimetoa kuvu za jamii hii kwa wadudu wa mboga na matunda. Lakini aina inayoua mdudu mmoja si lazima imuue mwingine. Kabla ya kununua, ulizeni afisa wa kilimo, na hakikisheni imesajiliwa.

Onyo: si kila kuvu ni rafiki. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya kuvu yaliua watu 125, wengi wao Ukambani. Msijitengenezee dawa kwa ukungu wowote mnaouona.

Ya kujadili kikundini:
1. Mwaka jana tulitumia pesa ngapi kwa dawa za wadudu?
2. Nani hupiga dawa, na anajikingaje?
3. Ni kazi gani ya mikono tunayoweza kuanza Jumamosi hii bila kununua kitu?