Niliteremsha injini ya gari la baba uani

WAHENGA walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo niliikumbuka siku fundi mmoja wa gereji aliponitajia gharama ya kubadilisha injini ya gari aliloniachia marehemu baba. Gharama yenyewe ilizidi thamani ya gari zima. Ndugu zangu wakanishauri niliuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, lipimwe kwa kilo kama samaki. Nikakataa katakata.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle, lile lenye mgongo kama wa kobe. Baba alilinunua mwaka 1979 kutoka kwa mtu, na ndilo lililompeleka mama hospitali alipokwenda kumzaa kitinda mimba wetu. Wasomaji wenye umri mkubwa wanalijua sana. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, na tena mwaka 1962. Magari ya aina hii zaidi ya milioni 21 yaliundwa duniani kabla ya la mwisho kutoka kiwandani huko Mexico mwaka 2003.

Sitamlaumu mtu kwa kifo cha injini ile, maana niliiua mwenyewe. Injini hii haina radieta wala haitumii maji. Hupozwa na feni inayopuliza hewa. Pembeni mwa injini pana mpira unaoziba nafasi iliyoko kati ya mabati yake na bodi, ili hewa ya moto ya chini isipande juu ikavutwa tena na feni. Mpira ule ulikatika, nami nikasema nitautia mwingine kesho. Kesho ikawa mwaka. Silinda ya tatu, ambayo ndiyo hushikwa na joto zaidi, ikaunguza vali, na haukupita muda injini ikanoki.

Mtaani kwetu Majengo, Mombasa, yuko mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi wa magari tangu ujana wake. Sasa macho yamemfifia, haoni ila mwanga na vivuli. Nilipomweleza shida yangu alicheka.

"Mwanangu," akaniambia, "injini hiyo imeshikwa na nati nne tu. Kesho asubuhi niwekee kiti uani kwako."

Vyombo tulivyokuwa navyo havikujaza hata karai: spana namba 13 na 17, bisibisi mbili, koleo, jeki ya magurudumu, ubao mnene na vigogo vinne vya mti. Vigogo ndivyo alivyoviulizia kwanza. Akatuapisha kwamba hakuna atakayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na gari halina huruma.

Tukaanza kwa kufungua betri, ambayo katika gari hili iko chini ya kiti cha nyuma. Binti yangu, mwanafunzi wa sekondari, akawa karani wetu. Kila waya uliotolewa aliufunga kitambaa chenye namba, na namba ile akaiandika katika daftari. Tukamwaga oili, tukaondoa kamba ya mafuta na zile za hita. Mpira wa petroli tuliuziba kwa penseli, nao haukuvuja hata tone.

Nati mbili za chini zilifunguka bila ubishi. Kazi ilikuwa juu, nyuma ya nyumba ya feni, mahali pasipoonekana kwa jicho. Mkono wangu haukupita. Binti akasema, "Baba, hebu nijaribu mimi." Mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele barazani, akang'aka: "Msichana na grisi wapi na wapi?"

Mzee akamjibu kwa upole, "Dada, nati haiulizi mkono ni wa nani."

Mkono mwembamba ukaingia. Mzee akamwelekeza kwa maneno tu, huku vidole vyake mwenyewe vikizunguka hewani kana kwamba vimeshika spana. Akamwonya kwamba bolti moja ya juu ndiyo inayoshika pia stata. Nusu saa baadaye zote mbili zilikuwa nje.

Hapo nikafanya pupa. Nilitaka kuteremsha jeki mara moja. Mzee, ambaye kiganja chake kilikuwa juu ya injini, akapiga kelele: "Usishushe! Shafti ingali ndani ya klachi!" Kumbe injini hurudishwa nyuma kwanza, kama sentimita 10, ndipo ishuke. Uzito wake ni kama kilo 100, na uzito huo ukining'inia kwenye shafti huharibu klachi. Asiyeona aliona, na mwenye macho nilikuwa kipofu. Iliposhuka, wanaume wanne wa mtaa waliinua nyuma ya gari, nasi tukaivuta injini juu ya ubao.

Injini ya pili niliipata Likoni, katika gari ambalo bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi ya bahari. Kabla sijalipa, mzee alishika puli ya krankshafti, akaivuta na kuisukuma. Ingecheza sana, beringi zingekuwa zimekwisha. Haikucheza. Tukatia bamba jipya la klachi, na kulisimamisha katikati tukatumia mti uliochongwa na seremala jirani. Vali tukazipima milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Na ule mpira uliosababisha balaa yote, niliununua kabla ya kitu kingine chochote.

Kuipandisha kulituchukua asubuhi nzima. Shafti ilikataa kuingia, nami nikataka kuivuta kwa kukaza nati. Mzee akakataza: ukilazimisha hivyo, utavunja giaboksi. Binti akaizungusha puli kwa spana kidogo kidogo, mimi nikisukuma, mara ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli.

Tulipopiga stata, injini ikawaka lakini ikawa inakohoa. Mzee akainamisha kichwa. "Waya mbili za plagi zimepishana," akasema. "Moto huanza wa 1, kisha 4, 3, halafu 2." Binti akafungua daftari lake, akazibadilisha. Gari likanguruma kama enzi za baba. Mama akapiga kigelegele, na mzee akafuta macho yake kwa kanga ya jirani.

Baadaye alinieleza kilichomliza. Watoto wake wote waliikataa kazi hii, wakiona ni ya uchafu. Alikuwa ameshakata tamaa kwamba ujuzi wake ungezikwa pamoja naye.

Mpenzi msomaji, mafundi wetu wanaofanya kazi chini ya mti tumewaita jua kali, kana kwamba kuungua na jua ndiyo elimu yao yote. Tangu mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilieleza katika ripoti yake kuhusu Kenya jinsi wafanyakazi wa aina hii wanavyochangia uchumi. Lakini ni wangapi kati yetu wamekaa chini na daftari wakaandika wanayoyajua? Magari ya siku hizi yana kompyuta, ni kweli. Hata hivyo, sikio linalotambua silinda inayokohoa halinunuliwi dukani.

Anayetaka kufuata nyayo zangu asisahau kwamba namba ya injini mpya sharti iandikishwe serikalini, la sivyo atajitafutia kesi.

Kila Jumamosi sasa binti yangu huenda barazani kwa yule mzee. Mama ameacha kunung'unika. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chake yeye kimekabidhiwa spana namba 17, ile ile aliyoanzia kazi mzee.